Namna ya kunoa ufundi wa ketobeli, na kumwachia kocha mwenzako akusahihishe

Kwa miaka mitatu nilifundisha ketobeli, yaani mazoezi ya kubembeza na kuinua uzito wa chuma, hapa Mbeya nikiwa na mchubuko usiopona kwenye mkono wa kulia, vidole vinne juu ya kifundo. Niliamini ndiyo ada ya mchezo. Wanafunzi wangu nao walikuwa na mchubuko palepale, nami nikawa nawaambia wafunge kitambaa. Kisha kocha mmoja wa Iringa akapita kutusalimia. Alikaa pembeni, akatazama seti mbili bila kusema neno, halafu akaniuliza kwa upole: "Dada, mbona darasa zima linaumia sehemu moja?"

Sikuwa na jibu. Kosa lilikuwa langu, na wanafunzi walikuwa wameliiga kwa uaminifu kabisa. Tulilirekebisha asubuhi ileile, na nitaeleza tulivyofanya nikifika kwenye zoezi liitwalo klini. Tangu siku hiyo nimelishika jambo moja: kocha asiye na mtu wa kumtazama huwarithisha wanafunzi makosa yake. Kwa hiyo ninamwandikia kocha mwenzangu wa Mbeya, Iringa, Njombe au Mafinga, pamoja na yeyote anayefanya mazoezi peke yake uani akiwa na ketobeli moja.

Anza na jiwe lenyewe

Ketobeli ni tufe la chuma lenye mshikio juu yake. Uwanjani kwetu tunaiita jiwe, na jina limekaa mahali pake, kwa sababu huko Urusi ilikotoka ilitumika sokoni kupimia nafaka, kama mawe ya mizani tunayoyajua sisi. Kipimo chao kilikuwa pudi, takriban kilo 16.4. Ndiyo maana hadi leo uzito uliozoeleka ni kilo 16, 24 na 32, yaani pudi moja, moja na nusu, na mbili. Mawe ya mashindano yote yana ukubwa uleule hata uzito ukitofautiana, na hutambulika kwa rangi: manjano ni 16, kijani ni 24, nyekundu ni 32. Ukikuta la mtumba, rangi itakusaidia, ila lipime hata hivyo.

Wengi wetu Nyanda za Juu Kusini hatununui dukani, tunakwenda kwa fundi wa kuchomelea. Hapo simamia mambo mawili. Kwanza, mshikio utoke kwenye bomba la chuma la inchi moja. Unene wake wa nje ni milimita 33 na ushee, karibu sawa kabisa na mshikio wa jiwe la mashindano. Nondo nyembamba inakata vidole na kukufundisha kubana kupita kiasi. Pili, fundi akwangue mabaki ya kuchomelea kwa tupa, kisha apige msasa. Ukifika nyumbani, pitisha soksi nyepesi juu ya mshikio mzima, taratibu. Soksi ikinasa popote, ngozi ya kiganja nayo itanasa hapohapo. Rudi kwenye msasa.

Halafu lipeleke kwenye mizani ya muuza viazi. Jiwe langu la kwanza niliambiwa ni kilo 16. Mizani ya Mwanjelwa ikasema 19. Kabla ya kulibembeza, lidondoshe kwenye udongo mara kumi kutoka usawa wa goti, ukague kama kuna ufa mahali mshikio unapokutana na tufe. Jiwe la kuchomelea lisilokaguliwa lisipite juu ya kichwa cha mtu.

Asiye na jiwe anaweza kuanza na dumu la lita 10. Likijaa maji ni kilo 10 bila hesabu nyingine. Lijaze mpaka shingoni ili maji yasicheze, na ulitumie kujifunzia kukunja nyonga na kuinua kutoka chini tu.

Kuhusu uzito wa kuanzia, mwanamke kilo 8 inamtosha, au 12 kama amezoea kazi nzito. Mwanaume aanze na 12 au 16. Kijana aliyebeba magunia tangu shule ya msingi atataka 24 siku ya kwanza. Mkatalie. Nguvu anayo, ila njia ya jiwe bado haijui. Na mwenye maumivu ya mgongo, presha au ujauzito aonane na daktari kwanza.

Nyonga kabla ya mkono

Chukua mti wa ufagio. Usimamishe mgongoni ukigusa sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa ulio juu ya makalio. Simama ukiupa ukuta mgongo, umbali wa wayo mmoja. Sasa sukuma makalio nyuma mpaka yaguse ukuta, magoti yakilegea kidogo tu, mti usiachane na zile sehemu tatu. Ukigusa, sogea mbele nusu wayo, urudie. Utafika mahali misuli ya nyuma ya paja inakaza kama kamba. Hapo ndipo nguvu ya ketobeli inapotoka.

Mwanafunzi akichuchumaa badala ya kukunja nyonga, usimweleze mifupa. Mwambie: "Umeshika sufuria ya moto mikono miwili, funga mlango wa jikoni kwa makalio." Nimewaona kina mama wa makamo wakilipata jambo hili kwa sentensi hiyo moja, baada ya dakika kumi za maelezo yangu marefu yasiyozaa kitu.

Bembea

Nenda Uyole wakati wa viazi, utazame vijana wanaopakia lori. Wawili wanashika gunia, huyu pembe hizi na yule pembe zile. Hawalivuti juu kwa mikono. Wanalirudisha nyuma kwanza, linapita kando ya mapaja, kisha nyonga za wote wawili zinanyooka kwa pamoja na gunia linaelea lenyewe mpaka kwa mwenzao aliye juu. Mikono muda wote ni kamba tu. Bembea ya ketobeli ni hiyohiyo, ila jiwe haliachiwi.

Weka jiwe mbele yako, wayo mmoja kutoka kwenye vidole vya miguu. Panua miguu kuzidi mabega kidogo. Kunja nyonga, shika mshikio kwa mikono miwili na uuinamishe kuelekea kwako, mabega yakishuka mbali na masikio. Rudisha jiwe nyuma kwa nguvu mpaka vigasha viguse mapaja juu kabisa, karibu na kinena. Kisha simama, na usimame kwa ghafla. Magoti, makalio na tumbo vikaze kwa wakati mmoja, jiwe lielee mpaka usawa wa kifua. Juu pale halina uzito kwa nukta moja. Ukihisi mabega ndiyo yanayolipandisha, bado hujaipata.

Kosa ninaloliona kuliko yote ni jiwe kupita chini ya magoti. Likipita huko, mgongo ndio unaolibeba. Sababu yake ni haraka, mtu anainama pamoja na jiwe linaposhuka. Dawa yake ni kusubiri. Jiwe likianza kurudi, baki umesimama. Subiri mpaka vigasha vikaribie kugusa mwili, ndipo nyonga zirudi nyuma kulipisha. Mara ya kwanza inatisha, kwa sababu unaona kama linakuja kukugonga. Fanya na jiwe jepesi mpaka hofu iishe.

Kama huna uhakika ni nyonga au ni mikono inayofanya kazi, pitisha taulo imara kwenye mshikio, ushike ncha zake mbili na ubembeze jiwe jepesi kupitia taulo. Nyonga zikifanya kazi, taulo na jiwe vinakuwa mstari mmoja ulionyooka. Mikono ikiiba kazi, jiwe linaning'inia chini likipepesuka.

Kwa mwanzo, piga bembea 10, pumzika mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, urudie mara tano. Siku tatu kwa wiki. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgeni aliyetoka Dar es Salaam atahema mapema kuliko alivyozoea. Mpunguzie raundi wiki za kwanza, usimpunguzie ufundi. Na jiwe likikuponyoka, mtu yeyote asijaribu kulidaka. Liache lianguke, rudi nyuma, na hakikisha tangu mwanzo hakuna aliyesimama mbele yako.

Klini, mahali pa mchubuko wangu

Klini ni kulitoa jiwe chini mpaka likae kifuani kwa mkono mmoja. Mchubuko unakuja hivi: jiwe linakwenda mbali na mwili kama bembea, mkono umebana mshikio, na likifika juu tufe linapinduka juu ya ngumi na kutua kwenye kigasha kwa kishindo. Kitambaa hakiponyi hilo. Inatakiwa njia ya jiwe ibadilike.

Yule kocha alinianzisha mwisho kwenda mwanzo, na hadi leo ndivyo ninavyofundisha. Chukua jiwe kwa mikono miwili, uliweke kifuani. Mshikio ukatize kiganja kwa mshazari, kutoka katikati ya kidole gumba na cha shahada mpaka kwenye kisigino cha kiganja. Kifundo kinyooke. Kiwiko kilale mbavuni, ngumi iwe chini ya kidevu, tufe litulie kati ya kigasha na bega. Kaa hapo nusu dakika, upumue. Mahali hapa inabidi mwili upajue kabla jiwe halijajifunza kufika.

Kisha lishushe. Geuza kiganja, acha jiwe liteleze karibu na tumbo, nyonga zirudi nyuma kulipokea. Lipandishe tena kwa mikono miwili, ulishushe tena. Shusha mara kumi kabla hujajaribu kulipandisha hata mara moja, kwa sababu njia ya kupandia ni hiyohiyo ya kushukia.

Ukianza kupandisha, kiwiko kisiachane na mbavu. Fanya kama unafunga zipu ya sweta. Jiwe likifika usawa wa kitovu, vidole vilegee na mkono upenye ndani ya mshikio. Hapa ndipo nilipokuwa nakosea. Nilibana kuanzia chini mpaka juu. Kocha aliniambia sentensi moja: "Shika kama unavyoshika mchi." Nimekulia kwenye kinu, sikuhitaji maelezo mengine. Anayetwanga akibana mchi muda wote, viganja vinachubuka kabla mahindi hayajakobolewa. Mkono unashika ili kuongoza, kisha unaachia kidogo.

Alinipa jiwe la kilo 8, akanisimamisha uso kwa ukuta, umbali wa kigasha kimoja. Mara mbili jiwe lilikwangua plasta. Mara ya tatu lilipanda likipapasa sweta langu na kutua kifuani bila sauti yoyote. Wanafunzi waliokuwa wakitazama walinyamaza. Tangu hapo kipimo changu cha klini ni sikio. Ninaweza kuwapa mgongo darasa na kujua ni nani bado anabana.

Snachi, yaani kulipeleka jiwe moja kwa moja juu ya kichwa, ije baada ya miezi ya bembea na klini. Njia ni ileile ya karibu na mwili, ila mwishoni mkono unapenya kwenda juu kama unavaa mkono wa koti. Ngozi ndiyo inayoumia zaidi hapa. Sugua sugu kwa jiwe la kusugulia miguu kila wiki ili zisiwe na ukingo wa kunasa, tumia chaki, na usitishe seti ukihisi kiganja kinaungua. Kiganja kilichochanika kinakula siku kumi za mazoezi. Msimu wa baridi, Juni na Julai, usiliache jiwe nje usiku. Mikono iliyopasuka ipake mafuta ya mgando wakati wa kulala, kamwe si kabla ya kushika chuma.

Jirekodi, kisha uulize swali moja

Simu yako ni jicho la kwanza. Iegeshe juu ya ndoo iliyopinduliwa, iwe usawa wa nyonga, hatua nne kutoka ulipo, ubavuni kwako. Ukirekodi kutoka mbele hutaona nyonga. Piga seti nzima, halafu tazama bila sauti, kwa mwendo wa polepole. Linganisha rudio la pili na la mwisho. Jiwe limepita juu ya magoti mara zote mbili? Magoti na nyonga vimenyooka pamoja? Bega limevutwa mbele? La mwisho likifanana na la pili, ndipo ufikirie kuongeza uzito. Kumbuka kwamba kutoka 16 kwenda 24 ni kuongeza nusu ya uzito, na wengi wetu hatuna la kilo 20 katikati. Ongeza raundi kwanza, au tumia jiwe jipya kwa mikono miwili mpaka ulizoee.

Ukimtumia kocha mwenzako video, usimwandikie "vipi, nipo sawa?" Atakujibu uko vizuri, kwa sababu ni mtu mwenye adabu. Muulize jambo moja linaloonekana: "Kocha, naomba unitazamie kiwiko cha kushoto kwenye klini." Swali la namna hiyo linamruhusu kukukosoa bila kuona amekuvunjia heshima.

Kocha anayemsahihisha mwenzake

Haya tumeyapata kwa kukutana ana kwa ana. Wa Mbeya na wa Iringa tunakutana Makambako, njia panda ya kwenda Njombe na Songea, karibu nusu ya safari kwa kila upande. Hakuna ukumbi. Tunahitaji eneo tambarare lenye nyasi fupi na mawe yetu tuliyokuja nayo kwenye basi. Kondakta huuliza ni nini hicho kizito. Mwambie ukweli, na ulilaze chini ya kiti, usilipandishe kwenye keria.

Tazama marudio matano kabla ya kufungua mdomo. La kwanza na la pili mtu anakuonyesha, kuanzia la nne anafanya kama anavyofanya siku zote. Kisha sema kosa moja tu, lile linalozaa mengine. Jiwe likipita chini ya magoti, usihangaike na macho wala pumzi. Lirekebishe hilo, mengine mara nyingi yanajinyoosha. Lisemee kwa sentensi fupi yenye picha anayoijua mtu huyo. Aliyekulia kwenye kinu ana mchi. Dereva wa bodaboda hana habari na mchi, ila mwambie akamate jiwe kama klachi, kwa vidole, na ataelewa. Mwili usipobadilika baada ya kusema mara mbili, sentensi yako ndiyo mbovu. Tafuta nyingine.

Kabla ya kumgusa mtu, omba ruhusa. Mimi hutumia mti wa ufagio badala ya mkono, hasa kwa mwanafunzi nisiyemjua. Namwonyesha pa kugusa makalio yake kwa kuushika mti nyuma yake.

Kocha aliyekuzidi umri, shikamoo kwanza, na usimsahihishe mbele ya wanafunzi wake. Mvute kando wakati wa chai. Ukiwa mgeni Iringa, "kamwene" yako, hata ukiitamka vibaya, inafungua uso wa mtu kuliko cheti chochote.

Jambo lililonifaa kuliko yote ni kubadilishana madarasa. Siku nzima unakuwa mwanafunzi kwenye darasa la mwenzako, unashika jiwe analokupa, unafuata hesabu yake, hutoi maoni. Hapo ndipo unasikia mwilini kile ambacho wanafunzi wako wanakisikia kwako. Beba daftari. Andika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu ukifika nyumbani utakuwa umeyageuza yafanane na yako.

Mtatofautiana, na tofauti nyingine ni za kweli. Kubwa kwetu imekuwa pumzi. Mmoja anafundisha kuvuta hewa jiwe linaposhuka na kuitoa kwa mkato nyonga zinaponyooka. Mwingine anafundisha kutoa hewa jiwe linapoingia katikati ya miguu, kifua kinapobanwa. Tulibishana sana mpaka tulipoulizana kila mmoja anaandaa watu kwa kazi gani. Wa kwanza anataka marudio kumi yenye nguvu yote. Wa pili anafuata mashindano ya ketobeli, ambako seti moja ni dakika 10, jiwe haliruhusiwi kuwekwa chini, na kwenye snachi unabadili mkono mara moja tu. Mtu wa dakika 10 akikaza mwili kila rudio hatafika ya nne. Wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwa kazi yake. Kwa mwanafunzi mmoja chagua namna moja, ikae angalau miezi mitatu, na usimwonyeshe zote mbili siku moja.

Kabla hatujaachana, kila kocha anasema kwa sauti kosa moja la kwake atakalolifanyia kazi, na mwenzake analiandika kwenye daftari lake. Tukikutana tena, hilo ndilo la kwanza kutazamwa, hata kabla ya kupasha mwili moto kikamilifu, kwa jiwe jepesi. Daftari langu kwa sasa lina kosa la yule kocha wa Iringa: kwenye bembea ya mkono mmoja, bega lake la kushoto linavutwa mbele jiwe likifika nyuma, na kifua kinageuka nalo. Nimemwomba mkono ulio huru auguse juu ya paja kila jiwe linaporudi, ili mabega yabaki mraba. Ameshanitumia video mbili. Ya juzi, marudio sita ya kwanza bega limekaa, la saba limetoka. Jumamosi nitamshushia mpaka kilo 12 na kuanza naye hapo kwenye la saba.